Njia ipi ya mafunzo kwa anayetaka kuishi kwa uzamiaji? Jibu kwa binti wa Kilindoni

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, mkazi wa Kilindoni, Mafia. Kwa misimu mitatu nimefanya kazi kwenye boti zinazopeleka wageni kuogelea na papa potwe. Naogelea vizuri na napiga mbizi kwa pumzi kama babu alivyonifundisha, lakini sijawahi kuvaa mtungi wa hewa. Nataka uzamiaji uwe kazi yangu. Kituo kimoja cha Unguja kinanipa mafunzo ya wiki nane, kuanzia kutojua lolote hadi kuwa kiongozi wa wazamiaji, kwa fedha ambazo familia itabidi iuze kiwanja. Kituo cha hapa Mafia kinasema nifanye kazi kwao nikifundishwa kidogo kidogo na gharama zikatwe mshaharani. Binamu yangu aliyeko Mombasa anasema niachane na hayo yote, nisomee uzamiaji wa bandarini na wa mafuta kwa sababu ndiko kwenye fedha. Nishike njia ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa kuwa ndani yake yamo maswali mawili, na la pili ndilo lililojificha. Umeuliza njia ya mafunzo, lakini njia tatu ulizozitaja haziendi mahali pamoja. Mbili za mwanzo zinakupeleka kwenye kazi ya kuongoza wageni chini ya maji, na ya tatu inakupeleka kwenye kazi ya ufundi ambayo kwa bahati tu inafanyika majini. Basi kabla ya kupima bei na muda, kwanza tuzitenganishe kazi zenyewe.

Nianze na ya binamu yako, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Mzamiaji wa bandarini au wa mafuta kwa kawaida habebi mtungi kama ule unaouona kwenye boti za wazamiaji za Utende, hapo kwenu Mafia. Hewa yake inatoka juu kwa bomba, kichwani amevaa kofia nzito iliyofungwa, anazungumza kwa simu na msimamizi aliyeko kwenye sitaha, na mkononi ana kifaa cha kukatia chuma, cha kulehemu au cha kupigia picha nguzo za gati. Anayeajiriwa huko kwanza ni fundi, kisha mzamiaji. Vyeti vya kuongoza watalii havihesabiki hata kidogo katika kazi hiyo, na IMCA, chama cha kimataifa cha makandarasi wa kazi za baharini, hakikubali mtungi wa mgongoni kuwa njia ya kufanyia kazi kwenye miradi ya mafuta na gesi. Mafunzo yake yanatolewa katika vyuo maalumu, na kwa mtu wa pwani yetu vinavyojulikana zaidi viko Afrika Kusini, ambako wazamiaji wa kazi hupangwa kwa madaraja: daraja la nne ni la mtungi, la tatu na la pili ni la hewa ya bomba, ambapo la pili hufika mita 50, na la kwanza ni la wale wanaoshushwa kina kirefu zaidi kwa chombo maalumu. Uingereza nako kuna vyeti vya HSE, mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo, ambavyo vinatambulika sehemu nyingi za dunia.

Sikwambii kwamba kazi hiyo haipo kwetu. Gati zinajengwa, meli zinahitaji kukaguliwa matumbo, kuna mradi wa gati la kupakia mafuta huko Chongoleani, Tanga, na si mbali na kwenu, upande wa kusini, kuna bomba la gesi linalopita chini ya bahari kutoka Songo Songo hadi bara. Lakini kampuni kubwa hupenda kuja na watu wenye saa nyingi za kazi, na kijana anayetoka chuoni na cheti kipya hukaa muda mrefu akishika kamba juu ya sitaha kabla hajashushwa majini. Kama moyo wako unapenda chuma, mashine na maji yenye matope ambamo mkono hauonekani, njia hiyo ni nzuri na inalipa. Kama unachokipenda ni kile ulichokuwa ukikifanya kwa misimu mitatu, yaani kumshusha mgeni majini akatoka ameona kitu ambacho hatakisahau, basi fedha za binamu yako zitakuwa fedha za kazi usiyoipenda.

Kuna kazi nyingine mbili ambazo hukuzitaja. Moja ni ya uokoaji katika vyombo vya dola. Septemba 2019 gari lilipotumbukia kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, lilipatikana kwenye kina cha karibu mita 58, na karibu wiki mbili zilipita hadi kulitoa. Kina hicho kinauvuka mbali mpaka wa mita 40 ambao uzamiaji wa burudani umejiwekea, na watu wanaokwenda huko huingia kwa kuajiriwa kwanza na jeshi, polisi au zimamoto, kisha wakafundishwa. Nyingine ni ya utafiti: kuhesabu samaki, kupima matumbawe, kufuatilia papa potwe hao hao unaowajua kwa majina ya madoa yao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Buyu, Unguja, na KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mombasa, zinahitaji watu wanaoweza kuandika kwenye kibao chini ya maji bila kuvunja tumbawe kwa pezi. Njia ya utafiti inaanzia kwenye vyeti vile vile vya burudani, na kwa sababu hiyo nakushauri usiifungie mlango.

Sasa tuje kwenye ngazi yenyewe. Cheti cha kwanza kinakuruhusu kuzamia na mwenzako hadi mita 18. Cha pili kinakupeleka hadi mita 30 na ndani yake lazima ujifunze mbizi ya kina na kutafuta njia kwa dira. Cha tatu ni cha uokoaji, na kinakwenda pamoja na mafunzo ya huduma ya kwanza. Hapo ndipo mtu anapoacha kujiangalia mwenyewe na kuanza kuwaangalia wengine, na kwa maoni yangu hicho ndicho cheti kikubwa kuliko vyote, ingawa mshahara hauanzii hapo. Kisha ndipo unakuja uongozi wa wazamiaji, ambao vituoni huitwa daivumasta. Katika mfumo wa PADI, mojawapo ya mashirika yanayotoa vyeti hivi, unatakiwa uwe umetimiza miaka 18, uwe na mbizi 40 zilizoandikwa kabla ya kuanza na 60 unapomaliza, uwe na karatasi ya daktari isiyozidi miezi 12, uogelee mita 400 bila vifaa, uelee dakika 15, uende mita 800 kwa miwani na mapezi, na umvute mtu asiyejiweza mita 100. Kiongozi huyo anaruhusiwa kuwaongoza wenye vyeti na kumsaidia mkufunzi, lakini hawezi kumpa mtu cheti cha kwanza. Ruhusa hiyo ni ya mkufunzi, ambaye anatakiwa awe na mbizi 100, awe na angalau miezi sita tangu apate cheti chake cha kwanza, apite kozi ya ukufunzi, na mwisho apimwe na mtahini anayeletwa na shirika lenyewe wala si na wale waliomfundisha.

Vijana wengi hunisumbua kwa swali la shirika: PADI au SSI, au CMAS, ile inayohesabu ngazi zake kwa nyota, ambayo Wafaransa na Waitaliano wengi wanaijua? Naligusa kwa ufupi kwa sababu halistahili usingizi wako. Mashirika hayo makubwa yanafuata viwango vya kimataifa vya ISO, na ngazi ya kiongozi ina kiwango chake kinachoitwa ISO 24801-3, kwa hiyo aliyefundishwa vizuri upande mmoja anaeleweka upande wa pili. Tofauti inakuja kwenye ukufunzi. Mkufunzi wa PADI anaweza kufundisha kwa jina lake mwenyewe, ilhali wa SSI hufundisha chini ya kituo kilichosajiliwa na shirika, na anayetaka kuhama shirika baada ya kuwa mkufunzi hufanya kozi fupi ya kuvuka. Angalia vituo vya mahali unapotaka kufanya kazi vinatumia nini, ukishike hicho, umalize.

Jambo ninalotaka ulichukue kwa uzito kuliko shirika ni hili la babu yako. Aliyelelewa kwenye mbizi ya pumzi ana hazina kubwa: haogopi maji, masikio yake yanajua kufunguka, macho yake yanasoma mkondo. Lakini mwili wake pia una tabia moja ambayo kwenye mtungi inaua, nayo ni kubana pumzi. Babu yako anashuka na hewa aliyoivuta juu. Ikibanwa na maji inapungua, akipanda inarudi ilivyokuwa, na mapafu yake hayadhuriki. Wewe ukiwa na mtungi unavuta hewa ile ile iliyobanwa na kina. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwenye mita 20 mara tatu, kwenye mita 30 mara nne. Ukijaza mapafu kwenye mita 10, ukabana pumzi na kupanda hadi juu, hewa hiyo inataka kuwa mara mbili ya ukubwa wa mapafu yako, na mapafu hayana pa kuipeleka. Hata mita moja na nusu tu ya kupanda na mapafu yaliyojaa yaliyofungwa inatosha kumdhuru mtu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mtungi ni kupumua bila kukoma, na kwa mtoto wa pwani kanuni hiyo haiingii kwa kusomewa darasani. Inaingia kwa kurudiwa mbizi baada ya mbizi, hadi siku maji yanapoingia ghafla kwenye miwani au regulata, kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia, inapopigwa teke na mgeni, na wewe ukaona mwenyewe kwamba mapovu hayakukatika mdomoni. Nimewafundisha wavuvi hodari ambao kwenye dimbwi la kuogelea walifanya kila kitu sawasawa, na kwenye mbizi ya nane au ya kumi, waliposhtuka kidogo, mwili ukarudi kwa babu. Hao hawakuwa wazembe. Walihitaji muda tu.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye zile wiki nane. Tupige hesabu pamoja. Mbizi mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni mbizi kumi. Kwa wiki sita umefika 60 na masharti ya karatasi yametimia, na wiki mbili zinabaki kwa nadharia. Hakuna udanganyifu hapo, na kituo hicho hakivunji kanuni yoyote. Lakini jiulize mbizi hizo 60 ni za namna gani. Zote ni za msimu mmoja, pengine kwenye miamba mitatu ile ile, na nyingi kati yake wewe mwenyewe ndiye uliyeangaliwa, hukuwa unamwangalia mtu. Mtu huyo akipewa cheti Februari, bahari ikiwa shwari na maji yanaonekana hadi mbali, halafu Julai akapewa wageni wanne kwenye kusi, maji yamechafuka na boti inapigwa, ndipo mbizi yake ya 61 inakuwa ya kwanza ya kweli, na wanaolipia somo hilo ni wageni. Mimi sitauza kiwanja cha wazee kwa ajili hiyo. Mwenye fedha zake na misuli ya bahari tayari, kwa mfano aliyekuwa mzamiaji wa burudani kwa miaka, anaweza kufaidika na kozi ya haraka ya aina hiyo. Anayeanza na sifuri hafaidiki nayo, hata awe muogeleaji mzuri kiasi gani.

Njia ya kituo cha Mafia ndiyo ninayoiona inakufaa, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe nayaandika kwa uchungu kwa sababu nimeona yakikosekana. Kijana mmoja niliyemjua alijaza mitungi, akasafisha boti na kubeba vifaa kwa karibu miaka miwili huku akikatwa kila mwezi. Alifanya mbizi zake, akafaulu mitihani yake, na siku alipopata kazi mahali pengine ndipo alipogundua kwamba maombi yake ya kusajiliwa hayakuwahi kutumwa kwenye shirika. Fedha zilikwisha, cheti hakuna, na hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha walichokubaliana. Kwa hiyo kabla hujaanza kukatwa hata shilingi, omba makubaliano ya maandishi, kwa Kiswahili, yaliyotiwa saini na pande mbili, na mzee mmoja wa kwenu awepo. Yaandikwe ni kozi zipi, kila moja bei gani, kiasi gani kinakatwa kwa mwezi na kitakoma lini. Iandikwe pia nani analipia vitabu na ada ya shirika, kwa sababu ada hizo mara nyingi hutozwa kwa fedha za kigeni na huja baada ya mtu kudhani amemaliza kulipa. Yaandikwe ni mbizi ngapi kwa wiki utashushwa kama mwanafunzi, maana siku zote ukiwa juu ya boti hujifunzi kuzamia. Na iandikwe kitakachotokea ukiugua, ukiacha kazi, au kituo kikifungwa. Kila ukimaliza ngazi, cheti kisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako mwenyewe, nawe uhakikishe kwenye mfumo wa shirika kwamba jina lipo. Mwenye kituo mwaminifu hataona vibaya kuulizwa haya. Akiona vibaya, umeshapata jibu lako kabla ya kulipa.

Ukishaona karatasi, kiangalie kituo kwa macho ya baharia. Nenda asubuhi boti inapotayarishwa. Kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi, inavuta hewa kutoka upande gani, na je, moshi wa jenereta au wa injini unapita hapo? Mitungi ina mhuri wa tarehe ya kupimwa? Oksijeni ya dharura iko kwenye boti au imefungiwa ofisini, na je, kuna mtu aliyeifungua mwezi huu kuona kama imejaa? Kuna orodha ya majina inayosomwa wageni wanapopanda kutoka majini, au watu wanahesabiwa kwa macho? Mkufunzi anashuka na wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, na akimwona mtu amechoka au ameingiwa na hofu anamwambia nini? Muulize mwenye kituo hivi: mzamiaji wako akipata ugonjwa wa mgandamizo, ule wa mapovu mwilini, leo saa tisa alasiri, utampeleka wapi, kwa chombo gani, na utampigia nani? Swali hili kwa mtu wa Mafia si la nadharia. Ninyi mko kisiwani, chumba cha mgandamizo cha kumtibia mgonjwa huyo hakipo jirani, na ndege nayo ina hatari yake, kwa sababu kupanda angani kunapunguza mgandamizo na kuzidisha mapovu mwilini. Ndiyo maana mzamiaji mwenye afya husubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kusafiri kwa ndege, na mgonjwa husafirishwa chini chini kadiri rubani anavyoweza. Kituo chenye jibu la haraka, namba ya simu ukutani na bima ya DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, kwa wafanyakazi wake kimelifikiria jambo hilo kabla ya wewe kuuliza.

Ugonjwa huo wa mgandamizo wengi kwenu wanaujua bila jina lake. Ni ule unaowaacha wavuvi wa majongoo bahari wakivuta miguu, baada ya kupewa mitungi na tajiri bila mafunzo yoyote na kushuka mara sita au saba kwa siku. Naitrojeni ya hewani huingia kwenye damu na minofu kadiri mtu anavyokaa kwenye kina, na akipanda kwa haraka inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi kama saa na kupima kina na muda, mwendo wa polepole wa kupanda, kusimama dakika tatu kwenye mita tano, na kupumzika kati ya mbizi na mbizi ndivyo vinavyowatofautisha wao na wewe. Ikitokea mtu akakupa mtungi umchotee majongoo au kamba kabla hujamaliza mafunzo, kataa, hata akiwa ndugu.

Kuhusu afya, nenda kwa daktari sasa, kabla ya kulipa chochote. Kuna fomu ya maswali ya kiafya ambayo mashirika mengi makubwa yanaitumia. Jibu kweli, kwa sababu anayeficha anajidhuru mwenyewe. Pumu, kifafa, matatizo ya moyo, upasuaji wa kifua, masikio yanayotoka usaha na ugonjwa wa selimundu yote yanahitaji uamuzi wa daktari, na mengine yanafunga kabisa mlango wa kazi hii. Ni bora kuambiwa leo kuliko kuambiwa baada ya kukatwa mshahara wa mwaka. Ukiwa na mafua usizamie, hata mkufunzi akikuhimiza. Sikio likipasuka unakaa nje kwa wiki nyingi. Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, jua mapema kwamba katika ujauzito hakuna mbizi za mtungi kabisa, kwa ajili ya mtoto. Ongea na kituo namna watakavyokupa kazi ya juu wakati huo ukifika, na hilo nalo liingie kwenye makubaliano.

Hukuuliza, lakini najua nyumbani wameuliza, namna ya kuvaa. Suti ya mpira inafunika mwili wote, juu yake unaweza kuvaa kaptura ndefu au sketi nyepesi ya kuogelea, na kofia ya mpira inafunika nywele na shingo. Wapo mabinti Waislamu wa Unguja wanaofanya kazi hii kwa stara zao na heshima yao. Kinachosumbua zaidi ni ukubwa wa vifaa: jaketi la kuelelea lililoshonwa kwa mwanamume mkubwa linapanda hadi masikioni kwa mtu mdogo na kumchosha bure. Omba jaketi la saizi yako tangu siku ya kwanza. Na ukianza kupata kipato, nunua kwanza miwani inayokaa usoni pako, kisha kompyuta, kisha mapezi. Regulata na jaketi vinaweza kusubiri.

Jambo la fedha lazima niliseme wazi. Kiongozi wa wazamiaji anayeanza halipwi sana, na sehemu kubwa ya kipato chake hutoka kwa bakshishi za wageni, ambazo masika ya Aprili na Mei hukauka, vituo vingi vinapofunga au kupunguza watu. Mkufunzi hupata zaidi kwa sababu hulipwa kwa kila mwanafunzi. Kuna ada ya kila mwaka ya shirika, na asiyeilipa hahesabiwi kuwa kazini hata kama kadi yake ingali inang'aa. Kinachoongeza kipato haraka kuliko cheti kingine chochote ni mambo mawili: lugha na ufundi. Vitabu vingi vya mafunzo viko kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza utakihitaji hata kabla ya mgeni wa kwanza. Ukiongeza Kiitaliano, Kifaransa au Kijerumani cha kutosha kutoa maelezo ya mbizi, utatafutwa. Na anayejua kutunza kompresa, kufungua regulata na kubadili mipira ya duara inayozuia hewa kuvuja haachishwi kazi masika. Jifunze hayo wakati unajaza mitungi, usiyaone kuwa ni kibarua tu.

Kama ungekuwa binti yangu, ningekupangia hivi. Daktari na makubaliano vikamilike kabla kusi halijaisha. Kaskazi linapoingia, pata cheti cha kwanza na cha pili, kisha usikimbilie cha tatu. Zamia tu, ukiandika kila mbizi kwenye daftari lako: kina, muda, hewa uliyoanza nayo na uliyomaliza nayo, mkondo, na kosa ulilofanya. Msimu wa papa potwe ukiwa umeshamiri, yaani kati ya Oktoba na Februari, endelea na kazi yako ya boti siku ambazo huzamii, maana wageni wale wale ndio watakaokukumbuka. Kusi likirudi, boti za Utende zikibaki ndani ya Ghuba ya Chole kwa sababu nje hakuendeki, usikae nyumbani. Hizo ndizo mbizi zitakazokufundisha: maji machafu, kina kifupi, mlango wa Kinasi wa kutokea bahari kuu ambapo mkondo wa bamvua hukusukuma kama jani, na tofauti kati ya kushuka maji yakijaa, yanapoingiza maji safi ya bahari kuu, na kushuka yakitoka. Babu yako anazijua saa hizo za maji mafu na bamvua kuliko mkufunzi yeyote mgeni, basi muulize kila jioni na uandike kando ya mbizi zako. Chukua cheti cha uokoaji katikati ya kusi hilo, na uanze uongozi wa wazamiaji kaskazi la pili, ukiwa na mbizi zisizopungua 80, si 40. Ukufunzi usiufikirie kabla ya mwaka wa tatu, na ukifika wakati huo nenda Unguja kuusomea, kwa sababu huko utakutana na watahini na wakufunzi wengi, na utalipa kwa fedha ulizozipata mwenyewe.

Kiwanja waachie wazee. Kwa binamu yako mjibu kwa heshima kwamba mlango wa bandarini haujafungwa: chuo cha Afrika Kusini hakitakukataa ukiwa na miaka 26 na mbizi mia tatu, na wakati huo utakuwa unajua kama unataka kuacha rangi za matumbawe kwa ajili ya chuma. Ukikutana na mwenye kituo cha Mafia, peleka karatasi yako ya makubaliano ikiwa imeshaandikwa, usisubiri aiandike yeye, na umwombe kwanza akushushe mbizi moja ya majaribio kwenye maji ya kina kifupi. Chini huko usitazame samaki. Sikiliza mapovu yako, uone kama kuna mahali yanakatika.